Mrithi Niliyempeleka kwenye Uapisho wa Rais

Morogoro,
Jumapili, baada ya misa.

Dada Skola,

Kabla sijakusalimu nakuomba jambo moja. Barua hii isome peke yako, mlango ukiwa umefungwa, na ukimaliza usimwonyeshe mtu, hata shemeji. Usiizungumzie kwenye simu, usiipige picha. Nilipoajiriwa nilitia saini kiapo cha kutunza siri za ofisi, na karibu kila nitakalokueleza humu limo ndani ya kiapo hicho. Ningekupigia, lakini simu yako inashikwa na kila mtu hapo nyumbani, na mimi siku hizi nikiongea kwa simu nageuka geuka kutazama nyuma. Kwenye karatasi angalau najua nimemwambia nani.

Sasa shikamoo, dada. Hamjambo huko Njombe? Mvua zimeanza? Viazi mmeshapanda, au bado mnasubiri shemeji apone ule mguu? Na mama, kifua chake kinaendeleaje na baridi? Mimi mwili wangu hauna ugonjwa, namshukuru Mungu, ila usingizi umenikimbia na chakula nakula kwa kujilazimisha.

Nasikia baba ameitia kwenye fremu ile picha niliyowatumia kutoka Dodoma, na kila mgeni akiingia anaambiwa, "Huyu ni Bene wetu, alikwenda kumwapisha Rais." Mwache kwanza aendelee na furaha yake. Lakini wewe nataka ujue kilichokuwa nyuma ya ile picha.

Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, ofisini kwetu iliingia barua kwamba tupeleke wazee wa kimila kumi na wawili kwenye sherehe za kumwapisha Rais mpya. Mimi ndiye karani wa masjala, tena mgeni kuliko wote, basi kazi ya orodha nikapewa mimi. Kila mzee alijaza fomu: jina, kijiji, kitambulisho, majina ya watoto, namba ya simu ya mtu wa karibu. Majina yakaenda kuchunguzwa na watu wa usalama, halafu kadi zingerudi zimechapwa jina la kila mmoja. Bila kadi, huingii uwanjani.

Mmoja wao alikuwa Mzee Shomari, mkuu wa ukoo kutoka kijiji kimoja juu ya Matombo, huku kwenye milima ya Uluguru. Alishuka mwenyewe mpaka mjini kujaza fomu. Alikaa mbele ya meza yangu, akavua kofia, akaiweka magotini.

"Mwanangu, niandike vizuri," akasema. "Marais wote hawa nimewasikia redioni. Huyu nataka nimwone kwa macho anavyoinua mkono."

Nikamwandika vizuri. Siku ya nne akafariki.

Taarifa nilipewa na mtendaji wa kijiji chao, Bi Zuhura, alipopiga simu asubuhi. Nikampa pole, kisha nikamwambia kwamba orodha ya mwisho inaondoka saa sita mchana, na palipoandikwa Mzee Shomari panatakiwa jina la mrithi wake.

"Subiri, Bene," akasema. "Watu ndio kwanza wanakusanyika. Siwezi kwenda kuuliza habari za mrithi na maiti bado iko ndani. Wakishazika nitauliza, nikupigie."

Saa tano na nusu alikuwa hajapiga. Nikampigia mimi, hapatikani. Huko mlimani mtandao hupotea ukizunguka nyumba tu. Bosi wangu, ambaye wote tunamwita Madam, alikuwa Dodoma kwenye maandalizi na simu yake haikupokelewa. Nikaifungua fomu ya marehemu. Mtoto wa kwanza: Rajabu. Mtu wa karibu: huyo huyo Rajabu, muuza vipuri vya pikipiki hapa Msamvu.

Wewe unajua kwetu, dada. Babu alipofariki hakuna aliyeuliza swali; baba alikaa kwenye kiti chake siku ileile, na mashamba yakawa chini yake. Haikuniingia akilini kwamba kuna mahali pengine watu hufanya vingine. Nikampigia Rajabu, nikampata njiani akienda msibani. Alilia kwanza, kisha akanitajia namba ya kitambulisho chake. Nikaandika barua: mrithi wa marehemu Mzee Shomari ni mwanawe wa kwanza, Bwana Rajabu Shomari. Nikasaini kwa niaba ya Madam bila ruhusa yake, nikapiga mhuri, nikatuma dakika tano kabla ya saa sita. Halafu nikajisifu. Nakwambia ukweli, nilikwenda kunywa chai nikijiona mfanyakazi hodari.

Bi Zuhura alipiga saa kumi. Sikumpa nafasi ya kusema. Nilimwambia, "Tayari, dada, nimeshamaliza," nikakata.

Tuliondoka Msamvu asubuhi na mapema, siku moja kabla ya sherehe. Rajabu alivaa kanzu ya baba yake. Kadi yake ilikuwa haijafika, kwa hiyo nilimpa nakala ya ile barua yenye mhuri ili asizuiwe getini. Aliikunja akaiweka kwenye mfuko wa ndani.

Safari yenyewe ilikuwa ya kucheka mwanzoni. Mzee Mbaraka wa Mkuyuni, mkubwa kuliko wote, hakunyamaza tangu tulipotoka mjini. "Kijana, na koti hilo unaenda nalo Dodoma? Tutakurudisha umeiva!" Wenzake wakacheka. Kisha akamgeukia Rajabu. "Na wewe, hicho kiti hakikuunguzi?" Wakacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa kifupi. Rajabu alitabasamu, akatazama nje dirishani.

Gairo tukasimama wazee wanywe chai. Mzee Mbaraka akanunua karanga, akanishika mkono, akanipeleka pembeni ya basi.

"Hii ya Rajabu nani kaifanya?"

"Ni mtoto wa kwanza wa marehemu, mzee."

Alinitazama huku anatafuna. "Kwenu wapi?"

"Njombe."

"Aa. Basi sikulaumu. Lakini sikiliza, mwanangu. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Rajabu ana ukoo wake, kule Mgeta, tena watu wema. Ukoo wa Shomari si wake, na ardhi ya Shomari si yake. Kiti kile ni cha mpwa, mtoto wa dada yake Shomari. Yupo, anaitwa Athumani, analima palepale."

"Sasa nifanyeje, mzee?"

"Kadi imeshachapwa?"

"Imeshachapwa, inatusubiri Dodoma."

"Basi mwache akapige makofi. Makofi hayana ukoo. Ila ukirudi, karatasi yako ile ifute. Mapema, unanisikia?"

Nilimsikia.

Kuhusu uapisho wenyewe, nilichokiona sitakisahau. Uwanja ulikuwa umejaa tangu jua halijatoka. Wazee wetu waliwekwa nyuma ya viongozi wa dini, na sisi makarani tulisimama nyuma kabisa. Rais alipoinuka, watu wote wale walinyamaza mpaka nikasikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Jaji Mkuu akawa anasoma, Rais anafuatisha, mkono umeinuliwa kama Mzee Shomari alivyotaka kuuona. Kisha Rais akainama kutia saini. Niliitazama kalamu ile, dada. Mbele ya nchi nzima mtu anasaini kwa jina lake mwenyewe, kila mtu anamwona, na atakuja kuulizwa. Mimi nilikuwa nimesaini kwa jina la mwingine, mlango umefungwa, kwa sababu ya haraka ya saa sita.

Mizinga ishirini na mmoja ilipigwa na kila mmoja ulinishtua. Wazee waliochaguliwa wakamkabidhi Rais mkuki na ngao. Mzee Mbaraka alikuwa analia waziwazi wala hajifuti. Kando yake Rajabu amekaa wima, kanzu ikimpwaya mabegani, na kamera ya televisheni ikapita mbele yao taratibu.

Gwaride lilipokwisha Rajabu alinitafuta kwenye umati, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Karani, Mwenyezi Mungu akulipe. Tangu nizaliwe, kule mlimani mimi ni mgeni kwenye nyumba ya baba yangu. Leo nimekaa." Ningemwambia nini? Nilikuwa na maneno ya Mzee Mbaraka mdomoni, nikayameza. Nikasema tu, "Hongera, kaka." Picha mliyonayo nyumbani ilipigwa dakika hiyo. Ukiitazama vizuri utaona mimi sicheki.

Tuliporudi nilipaswa kuandika barua ya ukurasa mmoja tu: lilitokea kosa, mrithi siye. Lakini barua hiyo ingepita mezani kwa Madam, naye angeuliza nani alimsainia. Mimi bado niko kwenye kipindi cha majaribio, na mwezi ujao ndio nilikuwa nithibitishwe kazini. Nikasema kesho. Kesho zikawa wiki tatu.

Huku nyuma, kijiji kizima kilikuwa kimeangalia sherehe kwenye televisheni ya shule, na walimwona Rajabu kwenye safu ya wazee akiwa na kanzu ya marehemu. Hapo walinung'unika tu. Ila Rajabu alikuwa bado na nakala yangu mfukoni. Akaja mtu wa mjini anayetafuta mahali pa kujenga nyumba za wageni karibu na maporomoko ya maji, na eneo alilolipenda ni shamba la ukoo, lenye migomba, mdalasini na makaburi yao. Rajabu akamwonyesha barua. Ina mhuri, inasema mrithi, nani atabisha? Wakapanda na fundi wa kupima, wakaanza kupiga vigingi. Wanawake wa ukoo wakaving'oa kimoja kimoja wakavirundika njiani. Athumani na Rajabu wakakunjana mashati mbele ya kaburi ambalo udongo wake haujashikana. Kesi ikapelekwa Baraza la Kata, na baraza likaandika ofisini kwetu kuuliza kama ile barua ni yetu.

Madam aliniita akafunga mlango. Hakuwa mkali, na upole wake ndio ulionitisha.

"Bene, hii saini ni ya nani?"

"Ni yangu, Madam. Nilisaini kwa niaba yako."

"Jina ulipewa na nani?"

"Nililitoa kwenye fomu."

"Hapana. Jina ulipewa na mtendaji wa kijiji, kwa simu. Utaandika hivyo."

"Madam, Bi Zuhura hakunitajia jina. Aliniambia nisubiri."

"Kwenye simu hiyo mlikuwa wangapi?"

"Wawili."

"Basi." Akanisogezea karatasi nyeupe. "Una maisha mbele yako, mwanangu. Usiyaharibu kwa ajili ya watu ambao hata undugu nao huna."

Nilirudi mezani kwangu na ile karatasi. Nisikufiche, dada, niliandika sentensi ya kwanza: "Jina tajwa nililipokea kutoka kwa Mtendaji wa Kijiji." Mwandiko ulikuwa mzuri kabisa. Nikaiweka kwenye droo, na Jumamosi nikapanda pikipiki kwenda Matombo. Sijui nilikuwa natafuta nini. Labda nilitaka nimkute Bi Zuhura ni mtu mbaya.

Nilimkuta ofisini kwake, chumba cha bati chenye meza moja, ana barua mpya mbele yake. Alikuwa amepewa siku saba ajieleze kwa nini alitoa taarifa za uongo. Kumbe Madam hakuwa amenisubiri. Bi Zuhura ana watoto watatu na mume aliyepooza upande mmoja.

"Sikuombi kitu, Bene," akasema. "Nilikwambia subiri. Wewe unajua, mimi najua. Twende nikupeleke kwa mwenye mji."

Tukapanda mlima mpaka kwa Bibi Mwanahawa, dada yake Mzee Shomari, mama yake Athumani. Ni bibi mfupi, macho yake yameanza kuingia ukungu. Nilimwamkia, akaniitikia, akanisogezea kigoda. Kisha akauliza, "Ndiye huyu aliyeandika?"

"Ndiye, bibi," Bi Zuhura akajibu.

Nilisubiri anitukane. Akauliza, "Kwenu shamba ni la baba?"

"Ndiyo, bibi."

"Na mtoto wa kiume ndiye mrithi?"

"Ndiyo."

"Basi wewe hukudanganya. Uliandika ya kwenu." Akawa anachambua maharage kwa vidole. "Ila kaka yangu amelala pale, na mama yangu yuko pale, na wanawake kumi na saba wanalima hapa kwa sababu mimi na dada zangu tulizaliwa na mama yule. Hayo ya kwenu yakishinda hapa, sisi tutakwenda wapi?"

Akawaita wajukuu wake waniletee ndizi na uji, akanilazimisha kula. "Rajabu nimembeba mgongoni mimi," akasema nikiwa nakula. "Angekuja kuomba pa kulima tungempa, kama baba yake alivyompa tangu zamani. Aliyemwambia ni pake ni wewe. Na yeye umemuumiza."

Jumatatu nilichana ile karatasi ya kwenye droo. Nikaandika maelezo mengine, kurasa mbili, kwa jina langu, kuanzia simu ya asubuhi ya msiba mpaka maneno ya Mzee Mbaraka pale Gairo. Niliandika kwamba Bi Zuhura alinitaka nisubiri nami sikusubiri, na kwamba nilisaini kwa niaba ya Madam bila ruhusa yake. Niliyoambiwa na Madam mlango ukiwa umefungwa sikuyaandika. Nadhani niliogopa. Nataka wewe ujue kwamba hata hapo sikuwa shujaa.

Alhamisi nilikwenda barazani bila kuaga ofisini, nikayasoma mbele ya watu. Mwenyekiti akaniambia nikae, nisome nimekaa. Nilipomaliza nikampa mwenyekiti zile kurasa. Mwenye kutaka kununua alinong'ona na fundi wake, wakatoka. Nasikia jioni ileile walikwenda kuchukua vigingi vyao. Mwenyekiti akasema barua yangu haihesabiki tena, na shamba libaki kwa ukoo kama lilivyokuwa. Akamwagiza katibu aandike ofisini kwetu kumsafisha Bi Zuhura.

Wanawake wa ukoo waliokuwapo hawakushangilia. Walisimama tu, wakafunga vitenge vyao, wakaanza kuondoka. Rajabu alinisubiri mlangoni.

"Ulinipa wewe," akasema. "Mbele ya Rais. Sasa umeninyang'anya mbele ya majirani. Ungeninong'oneza tu siku ile Dodoma, karani. Ningeirudisha karatasi yako mwenyewe."

Namwamini. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kuliko hata kazi.

Ijumaa Madam hakuitikia salamu yangu. Aliniambia nikabidhi funguo za masjala na nisirudi mpaka niitwe. Mwenzangu mmoja amenitonya kwamba kuna mazungumzo ya kunifungulia shauri la kughushi na kutoa siri za ofisi. Huenda ni maneno ya korido, huenda ni kweli. Kila pikipiki ikisimama nje ya dirisha nahesabu hatua za anayeshuka.

Sikuandikii ili mje, wala sitaki mtafute mtu mkubwa wa kunitetea. Nilitaka tu mtu mmoja wa kwetu ajue ilivyokuwa kabla hajaisikia kwa wengine. Baba nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Wewe usimtangulie.

Nisalimie mama, mwambie namuombea kifua chake. Msalimie shemeji na mguu wake, na baba mdogo fundi cherehani, na shangazi wa parokiani, na mdogo wetu wa mwisho, mwambie asome, habari ya kuja kusomea huku tutaizungumza baadaye. Wanao wote wawili nawabusu.

Kunipata, fanya hivi. Ofisini usipige, na simu yangu usiipigie mpaka nikupigie mimi. Hapa nilipopanga natoka Jumatano, maana mwenye nyumba ameanza kuuliza maswali. Bi Zuhura amenitafutia chumba kulekule mlimani, kwenye mji wa Bibi Mwanahawa, mpaka mambo yajulikane. Barua mpe kondakta wa basi la asubuhi linalokwenda Dar, aiache Msamvu kwenye dirisha la tiketi la basi hilohilo. Bi Zuhura hushuka mjini kila Jumanne na ataiulizia. Juu ya bahasha usiandike karani wala ofisi, andika jina langu tu. Zikipita wiki mbili hujasikia neno, njoo wewe mwenyewe, usimtume mtu. Shuka Msamvu, uliza magari ya Matombo, ukifika muulize mtendaji wa kijiji, atakuelekeza njia ya kupanda. Bibi haoni vizuri, kwa hiyo sema shikamoo ungali mbali kidogo, na usijitambulishe kwa jina la baba. Mwambie mimi na wewe tumezaliwa na mama mmoja. Hapo atajua wewe ni nani kwangu, na atakufungulia.

Mdogo wako,
Bene